Nyuzi Thelathini na Saba

Mabela, nyumba ya tatu nyuma ya duka la matairi,
nimetundika ukumbini kioo
chenye kompyuta ya kiganja mgongoni,
utepe wa taa ukingoni, pande zote nne,
na chini kwenye pembe, jicho moja jeupe,
kama nusu ya mpira wa tenisi ya meza.
Wiki tatu nikilehemu. Kidole kimoja kimeungua.

Jicho lile halioni sura,
linahisi joto linalotembea.
Ukipita, utepe unawaka, kioo kinakupa saa,
adhana ijayo, na jua la nje lilivyokasirika.
Ukitulia nusu dakika, kinakuzimia taa.

Siku ya kwanza mama alikijia kwa hodi.
Utepe ukawaka. Akacheka:
"Huyu hana ulimi, lakini ana karibu."
Akauliza kimemjuaje.
Kwa joto, mama, joto lako linapohama.
"Basi kama bibi yako Nunu,
alivyokuwa akitujua kwa nyuma ya kiganja,
nani ana homa, nani anatoroka chuo."

Akatoa wanja. Jicho la kushoto,
pumzi kaibana, mkono hautikisiki,
na taa zikazima.
"Ghanim! Kioo chako kimenizika na roho yangu!"
Nikabadili namba moja kwenye msimbo,
thelathini ikawa mia tatu.
Mama akapata jicho la kulia.

Mwezi wa nane kiyoyozi kikafa.
Fundi Sajeev akasema kesho,
na kesho yake akasema kesho.
Ukuta ukapanda, kochi likapanda,
maji ya mtungi yakasahau ubaridi,
hadi nyumba nzima ikafika nyuzi thelathini na saba,
joto la mtu mzima asiyeumwa.
Hapo jicho likapotelewa.
Mama anapita, hakuna kitu.
Anapunga mtandio, hakuna kitu.
Kwa jicho lile, mama na ukuta ni mwili mmoja.
Alisimama akipunga mkono kizani
kama anayemuaga mtu aliyekwisha kuingia ndegeni.
"Nimekuwa nyumba," akasema,
wala hakucheka.

Alhamisi Sajeev akaja na kopo la gesi.
Baridi ikarudi, jicho likarudi.

Usiku huo nikafungua daftari la kompyuta
nione lilikosa nini siku zile.
Huandika kila mwendo na saa yake,
nami sikuwahi kulisoma.
Saa nane na dakika tisa usiku.
Saa nane na dakika sita.
Saa nane na dakika kumi na moja.
Tangu mwezi wa tatu, alfajiri ikiwa bado mbali,
mtu anakuja mbele ya kioo,
anasimama dakika nne, tano,
kisha mwendo mmoja, wa kurudi.
Nyumbani tuko wawili, na mimi hulala kama gogo.

Daftari lina safu ya tarehe, safu ya saa.
Safu ya sababu sikuitengeneza.

Sikumuuliza. Yapo mambo ukiyauliza unayavua nguo.
Niliandika mistari michache tu:
ikiwa ni kati ya saa saba na saa kumi za usiku,
usionyeshe saa, usionyeshe joto,
washa polepole, asilimia nane,
rangi ya samli,
na usizime hadi mwendo wa pili.

Asubuhi ya siku ya tatu mama akamimina kahawa,
akanisogezea sahani ya tende,
akatazama kioo, si mimi.
"Kimeanza kuwa na adabu," akasema.
Mdomo wangu ulikuwa umejaa tende.
Nikaitikia kwa kichwa,
nikawa natafuta pa kuweka kokwa.